Tundu la Ishirini na Nne

Haya nilisimuliwa na Ezelina Kyando mwenyewe, tukichambua maharage jikoni kwangu, mwaka wa tatu tangu dizeli ikatike nchini. Alitumia siku tatu kuyamaliza, kwa sababu kila alipofika mahali pagumu alichambua ungo mzima, ndipo akaendelea. Sikumharakisha. Nayaandika kama alivyoyasema, na kitu kimoja tu aliniomba, nisiyaandike kama maneno ya mtu anayejitetea.

Basi Ezelina alikuwa fundi wa malori pale Chimala, chini kabisa ya mlima wenye kona hamsini na saba. Gereji aliachiwa na marehemu mumewe, na ilichukua miaka kumi watu waache kusema "gereji ya marehemu" waseme "kwa Ezelina." Dizeli ilipokatika, malori yalikufa pale pale yalipokuwa yamesimama, mengine na mizigo yake mgongoni, na kuku wakaanza kutaga kwenye viti vya madereva. Ndipo ikaja Kampuni ya Nguvu Moja na mota zake. Mota ilikuwa ngoma ya chuma ukubwa wa pipa la maji, inakula umeme, unaiweka mahali injini ilipokuwa. Lakini haikuja peke yake. Ilikuja na giaboksi iliyofungwa kwa lakiri, na ndani ya giaboksi hiyo mlikuwa na ramani.

Barabara iliyosajiliwa, giaboksi ilikwenda. Barabara isiyosajiliwa, ilijitoa kwenye gia yenyewe, na dereva angekanyaga mpaka mguu uingie ganzi, lori lisingesogea. Ukirudi nyuma hatua mbili inakubali tena, kama vile haikufanya kitu.

Ramani iliishia Kona ya Arobaini. Juu ya hapo zilibaki kona kumi na saba, halafu uwanda mrefu wa baridi, halafu kijiji cha Itundumwa, chenye watu wake na viazi vyake na zahanati isiyo na mkunga. Nguvu Moja walisema wataalamu watakuja kuipima barabara ile ndipo isajiliwe. Wataalamu hawakuja. Pikipiki nazo zilikuwa za ramani. Basi viazi vikawa vinashuka kwa kichwa hadi Kona ya Arobaini, na wagonjwa kwa machela.

Mdogo wake Ezelina, Luhuvilo, alikuwa dereva, na mkewe ni mzaliwa wa Itundumwa. Siku mama mkwe wake alipozidiwa, Luhuvilo alipanda na lori hadi Kona ya Arobaini akangoja. Aliiona machela ikishuka kona za juu, shuka jeupe likitokea na kupotea, likitokea na kupotea, saa nzima na zaidi. Lori lilikuwa limejaa umeme na halikuweza kupanda hata urefu wa mtu. Machela ilipomfikia, mwili wa mama ulikuwa umeshapoa.

Matanga yalipokwisha, mke wa Luhuvilo, ndiye Mama Tulalumba, alikuja gereji. Hakusalimu. Alisimama na kanga zake za msiba katikati ya mafuta.

"Wifi, wewe unakijua chuma," alisema. "Itoe hiyo giaboksi."

*

Kutoa hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuweka nini mahali pake. Nyuma ya gereji palikuwa na malori saba yaliyokufa, na kila moja lilikuwa na giaboksi yake ya zamani, isiyo na ramani wala akili yoyote, ina meno tu na fimbo ya kubadilishia gia. Ezelina aliifungua moja, akaiosha, akailaza kando ya mota, akakaa juu ya tairi akaviangalia vile vitu viwili kutwa nzima.

Havikupendana. Uso wa mota ulikuwa duara, wenye matundu tisa ya boliti. Bakuli la giaboksi, lile linalofunika klachi, lilikuwa na umbo la yai lililokatwa chini, lenye matundu kumi na mawili, na hakuna hata moja lililokutana na mwenzake. Shafti ya giaboksi ilikuwa fupi kwa unene wa vidole viwili. Meno yake yalikuwa membamba, ya mota manene. Basi alihitaji vitu viwili ambavyo hakuna duka lililokuwa navyo. Kwanza, sahani ya chuma ya kukaa katikati, ishike mota kwa mkono mmoja na giaboksi kwa mkono mwingine. Pili, bomba fupi la chuma lenye meno ndani, manene upande huu na membamba upande ule, livikwe juu ya shafti na kuirefusha.

Kwa sahani alichonga pateni, kiolezo cha kukatia chuma. Mafundi wa kule hawapimi kwa rula, maana rula haijui chuma kilichotumika miaka ishirini kimelika wapi. Unachukua katoni la sabuni, unapaka grisi uso wa chuma, unaligandamiza, halafu unagonga kwa kichwa cha mviringo cha nyundo ndogo, taratibu, kuzunguka kila tundu, mpaka karatasi ikatike yenyewe. Ukilibandua, uso wote wa chuma umehamia kwenye katoni. Ezelina aligonga uso wa mota, kisha akaligeuzia katoni lile lile kwenye bakuli la giaboksi. Matundu tisa, na kumi na mawili, na mawili ya pini za kulengea katikati. Ishirini na matatu.

Katikati ndipo penye roho ya kazi. Shafti ikikaa pembeni kwa unene wa wembe tu, klachi itatetemeka na meno yataliwa kabla mwezi haujaisha. Alifunga, akazungusha kwa mkono, akapitisha wembe kuzunguka. Wembe ulipokwama alifungua, akakwangua, akafunga tena. Siku nne. Sahani yenyewe alikata na kutoboa Zakayo Chaula, mkereza chuma wa ng'ambo ya barabara, mtu asiyeuliza maswali na mwenye drili nzuri kuliko zote Chimala.

Bado ramani. Ezelina alikichomoa kile kijiboksi cha ramani kutoka kwenye giaboksi ya lakiri, akakifunga kwenye betri ndogo, akakitia ndani ya kopo la maziwa ya unga chini ya meza yake. Huko ofisini kwa Nguvu Moja walipoangalia, waliliona lori la Luhuvilo limetulia gereji kwa Ezelina, linatengenezwa.

Kumbe Luhuvilo yuko Itundumwa. Siku ya kwanza alipotokea kwenye uwanda, wanawake walitandika kanga barabarani apite juu yake. Alikataa kuzikanyaga, akashuka akazikunja moja moja akawarudishia, na hiyo ndiyo ilikuwa habari iliyosimuliwa zaidi kuliko lori lenyewe.

Ezelina aliichukua pateni, akaitundika ukutani kwenye msumari pamoja na pateni nyingine zote za maisha yake, akarudi kwenye kazi.

Wiki tano haikuguswa. Halafu wakaja madereva wengine, mmoja mmoja, wakijifanya wamepita tu. Wa kwanza Mzee Anangisye Swalo, wa pili Tito Luvanda. Huyu Tito alikuwa na mdomo. Ndiye aliyemwita Ezelina fundi wa sufuria miaka yote, na alipoiona sahani aliigeuza geuza akauliza, "Dada Eze, hii ni ya giaboksi au ya kukaangia chapati?" Lakini aliacha lori. Walifika saba. Ezelina aliitoa pateni msumarini, akampa Zakayo atoboe sahani saba, na gasketi saba, zile karatasi za kuzibia katikati ya chuma na chuma, akazikata yeye mwenyewe kwa pateni hiyo hiyo. Chini ya meza makopo ya maziwa yakawa manane.

*

Wiki ya tisa tangu afungiwe sahani, Mzee Anangisye alianguka na lori korongoni, Kona ya Kumi na Tisa, akishuka na viazi. Alikuwa peke yake. Alifika chini akiwa ameshakufa.

Watu walisema alisinzia. Alikuwa na miaka sitini na minane na ameanza safari alfajiri. Wanawe wenyewe walisema alisinzia, na wakalisema hilo kaburini mbele ya wote, wakamsamehe. Madereva wenzake, kabla mtu wa Nguvu Moja hajapita njia hiyo, walishuka korongoni wakaifungua giaboksi na sahani yake wakazileta kwa Ezelina azifiche.

Alhamisi mchana, baada ya mazishi, Ezelina aliamua kuifungua klachi ya Anangisye. Hakutafuta kitu, alisema. Mikono ilihitaji kazi. Klachi ikamtokea imelowa. Haikuwa grisi. Yalikuwa mafuta ya buluu.

Mafuta ya buluu ni ya mota. Yanazunguka ndani ya mfereji uliochongwa usoni pa mota ili isichemke, na mfereji huo hauna kifuniko kingine isipokuwa sahani yenyewe na gasketi yake. Hayana njia ya kufika kwenye klachi. Na klachi iliyolowa mafuta haishiki, inateleza. Mahali pa tambarare hutajua. Lakini kwenye mteremko mota ndiyo inayolizuia lori lisikimbie, breki ni wasaidizi tu. Klachi ikiachia, mota inabaki huku na lori linakwenda zake kule, na breki zinashika moto kabla ya kona ya tatu.

Aliiosha sahani kwa mafuta ya taa akaanza kuhesabu matundu. Tisa. Kumi na mawili. Mawili ya pini. Akarudia akigusa kila tundu kwa kidole. Juu, katikati ya boliti mbili za mota, palikuwa na tundu dogo, limetobolewa vizuri, limesafishwa ukingo, halina boliti wala pini. Aliinua sahani kwenye mwanga akachungulia ndani yake kama mtu anayechungulia chupa.

Ndipo akaileta pateni. Tundu lilikuwepo kwenye pateni pia. Ezelina hakulikumbuka. Aliirudisha ukutani bila kufikiri, mkono ulienda wenyewe, na msumari ukapita katika tundu lile lile.

*

Zakayo alipoonyeshwa hakubisha. Alilitazama tundu muda mrefu, akatazama msumari, akakaa.

"Ungeniuliza," Ezelina alimwambia.

"Fundi, mimi natoboa kilichotobolewa. Na gasketi ulikata wewe."

Gasketi alikata yeye, kwa mkasi wake, na lile tundu alilikata vile vile, kwa uangalifu.

Wakahesabu. Sahani ya Luhuvilo ilitobolewa kabla pateni haijatundikwa, hiyo ilikuwa nzima. Zile saba ndizo zenye tundu. Ya Anangisye ilikuwa hapo mezani. Malori matano yalikuwa bondeni yakibeba mpunga, na bondeni hakuna mteremko. Zakayo alisema hao ni rahisi, wataitwa mmoja mmoja, wataambiwa gasketi inabadilishwa, tundu litachomelewa, na neno halitatoka nje ya kuta nne. Anangisye alisinzia, familia imeshasema. Hilo litakuwa limekwisha.

Lakini wa saba ni Tito. Tito alifungiwa sahani wiki moja tu baada ya Anangisye, kwa hiyo kwa hesabu ya kulowa yeye ndiye anayefuata. Na Tito alikuwa Itundumwa, analala huko, na alfajiri atashuka na viazi na watu kumi na wanne juu ya viazi wanaokwenda mnadani. Simu za kawaida hazikamati juu ya Kona ya Arobaini. Hata ukipelekwa kwa lori hadi Kona ya Arobaini, kutoka hapo kwa miguu hadi Itundumwa ni saa kumi na tano, na saa hiyo ilikuwa tisa alasiri. Luhuvilo na lori lake zima alikuwa Uyole, hawezi kurudi kabla ya Ijumaa jioni. Sauti pekee inayofika kule juu ni ya Nguvu Moja, inayosemea ndani ya mota yenyewe.

Kumwita Tito kwa sauti hiyo ni kuyafungua makopo yote manane.

Zakayo alisema labda klachi ya Tito haijalowa sana. Alisema pia, kwa kuinamisha kichwa, kwamba Tito ni dereva mzuri. Halafu akavuka barabara akawasha mashine yake, na Ezelina akasikia kwamba inazunguka bila kukata kitu.

*

Mama Tulalumba alikuja kabla jua halijashuka, maana Chimala hakuna neno linalokaa saa mbili mahali pamoja. Bintiye, Tulalumba, alikuwa Itundumwa kwa mumewe, mimba ya kwanza, mwezi wake umetimia. Luhuvilo alikuwa amepanga kupanda Jumamosi asubuhi kumshusha.

Hakuja kugomba. Alikuja na chai kwenye chupa, akammiminia wifi yake, akangoja anywe. Alimwomba apige hesabu kama anavyopiga hesabu za chuma. Nguvu Moja wakija watachukua yote, lile zima pamoja na mabovu. Tulalumba atashuka kwa machela, kama bibi yake. Na baada ya Tulalumba wapo wengine, Itundumwa haiachi kuzaa.

Ezelina alimwambia nyuma ya Tito wako watu kumi na wanne.

"Nawajua," Mama Tulalumba alisema. "Mmoja ni binamu yangu. Lakini wao wanaweza kufika salama, wifi. Wamefika salama wiki zote hizi. Huyu wangu hana labda. Nilishaiona ile machela."

Ezelina aliniambia kwamba hapo ndipo alipotamani wifi yake angetukana. Angetukana, wangegombana, na mtu ukigombana naye unaweza kumshinda. Badala yake Mama Tulalumba alikusanya vikombe, akafuta meza kwa pindo la kanga, akasema kwamba chai iliyobaki ameiacha kwenye chupa.

*

Pale gereji palikuwa na mota mpya ikingoja kufungwa. Ezelina alifunga mlango, akabonyeza kitufe cha msaada. Ikajibu sauti ya mwanamke, ya upole, ambayo hakuna aliyewahi kujua kama ni mtu au si mtu.

Aliomba ujumbe ufikishwe kwenye mota ya Tito Luvanda, akataja namba. Dereva asisogeze lori.

"Mota hiyo ipo kwenye gereji yako, fundi," sauti ilisema. "Ipo kwenye matengenezo kwa wiki nane sasa."

Ezelina aliyatazama makopo ya maziwa. La Tito lilikuwa la tatu kutoka ukutani.

"Haipo hapa. Iko Itundumwa."

"Itundumwa haipo kwenye ramani."

"Najua. Ndiko iliko."

Sauti ikauliza imewezekanaje. Ezelina akaeleza yote, sahani, bomba la meno, makopo, msumari, akaeleza klachi inavyolowa na inavyoachia. Hakuficha kitu wala hakujisifia kitu, na sauti haikumkatiza. Alipomaliza iliuliza kama ziko mota nyingine ambazo hazipo mahali zilipo.

Hapo alijua kwamba jibu haliwezi kubadilisha jambo, kwa sababu walikuwa wanaziona zote nane palepale, chini ya meza yake. Alisema tano zina hitilafu na zifungwe, ila zifungwe zikiwa zimesimama. Alisema moja ni nzima kabisa.

"Hiyo iacheni," aliomba. "Kuna mjamzito Jumamosi."

"Taja namba yake."

Ezelina hakuitaja. Aligundua anabonyeza kitufe kwa nguvu mpaka kucha imekuwa nyeupe. Sauti ikamshukuru kwa kuwasiliana na Nguvu Moja, ikamwambia mota zote zilizosajiliwa kwenye gereji yake zitafungwa kila moja itakaposimama, na ikamtakia jioni njema.

*

Ijumaa saa nne asubuhi akaja kijana wa Nguvu Moja, jina lake Rogasian, ana viatu safi na adabu. Alimwamkia shikamoo, akavua kofia. Gari lake la kukokotea lilikuwa limeshaanza kukusanya malori bondeni. La Luhuvilo lilijifunga kituo cha umeme cha Igurusi, safarini kurudi, na Luhuvilo akamalizia njia kwa miguu. La Tito lilijifunga papo hapo lilipokuwa, uwanjani Itundumwa, viazi juu. Lingeshushwa kwa kamba wiki inayofuata.

Ezelina alimweleza kuhusu Tulalumba. Rogasian alisikiliza mpaka mwisho, akaonekana kuhuzunika kweli, akasema ataandika ombi la kuisajili barabara ile. Alikuwa ameshaandika mawili.

Sahani zilizotolewa bondeni zilipitishwa kwenye mashine ya kukandamizia vyuma nyuma ya gari lake zikawa vipande. Ya Anangisye nayo. Ezelina alimsihi hiyo aiache, ndiyo pekee inayoonyesha mafuta yalipita wapi. Kijana alisema utaratibu ni mmoja kwa vipuri vyote visivyo na lakiri.

Halafu akaiona pateni ukutani. Alisogea akaitazama kwa muda, akapitisha kidole kwenye matundu, na uso wake ukabadilika. Alisema Nguvu Moja wenyewe giaboksi zao zinaisha, kiwanda kimechelewa, na ofisini wana wahandisi watatu wanaohangaika miezi sita jinsi ya kuzioanisha mota na giaboksi za zamani, waziwekee ramani kwa nje. Wangefurahi sana kuiona hii. Akaitoa msumarini kwa mikono miwili, kama mtu anayeteremsha picha ya mzazi.

"Hilo tundu la juu ni la msumari," Ezelina alimwambia. "Wasilitoboe."

Rogasian alitabasamu, akasema hayo yataangaliwa ofisini.

"Mwanangu, nisikilize. Matundu ni ishirini na matatu. Hilo la juu si tundu."

Ezelina alichukua kalamu mezani ili atie alama ya msalaba juu yake. Kijana akaisogeza pateni mbali naye, kwa upole. Ushahidi hauandikwi juu yake, alisema. Akaikunja, akaitia kwapani, akaaga kwa shikamoo ya pili.

*

Uchungu wa Tulalumba ulianza Ijumaa hiyo hiyo jioni. Habari ilishuka na watu wa mnadani, wale kumi na wanne, waliolingoja lori kutwa, kisha wakashuka kwa miguu usiku kucha. Luhuvilo hakungoja Kona ya Arobaini safari hii, hakuwa na kitu cha kungojea nacho. Alipanda akaenda kushika mti mmoja wa machela.

Tito naye alikuwa kati ya walioshuka. Jumamosi asubuhi alisimama mlangoni pa gereji, vumbi mpaka kwenye nyusi, na nyuma yake baadhi ya abiria wake waliokosa mnada. Alisema lori lake lilikuwa zima. Alisema alipanda nalo Jumatano na klachi ilikuwa inauma kama mbwa.

Ezelina alimuuliza kama aliona mafuta ya buluu chini yake lilipokuwa limesimama.

"Lori gani halivuji, dada Eze?" Tito alisema. Wale wa nyuma wakacheka, kicheko cha watu waliochoka. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kidogo, si ya mzaha, "Ungesema tu kwamba uliogopa."

Angemwonyesha sahani. Hakukuwa na sahani. Angemwonyesha pateni. Alitazama ukutani palipokuwa na msumari mtupu, na Tito akatazama pia, wala hakuona kitu, maana ulikuwa msumari tu.

Jumapili saa saba mchana Mama Tulalumba aliingia gereji. Hakuwa na chai. Kanga yake ilikuwa na matope hadi magotini, na alizungumza akiwa amesimama. Walimzalisha njiani, Kona ya Hamsini, machela imewekwa chini kwenye majani. Tulalumba yuko hospitali hapa chini, amewekewa maji, amelala. Luhuvilo amelala sakafuni kando ya kitanda chake.

"Alikuwa wa kiume," alisema. "Ana vidole vyote. Hakulia."

Ezelina aliniambia kwamba maneno ya pole aliyajua yote, na hakuna lililokuwa lake.

"Tito anasema lori lake lilikuwa zima," Mama Tulalumba aliendelea. "Nataka nisikie kwako. Lingeanguka?"

"Sijui, wifi. Labda Ijumaa. Labda mwezi ujao. Tundu lilikuwepo."

"Tundu lilikuwepo," Mama Tulalumba alirudia, taratibu, kama anayejaribu uzito wa kitu mkononi. Kisha akakaa juu ya tairi lile alilokalia Ezelina siku ya kwanza. Alikuwa hajalala siku mbili. Ezelina alichukua makatoni ya sabuni yaliyokuwa yakingoja kuwa pateni, akayafungua, akayatandika sakafuni mahali pasipo mafuta. Mama Tulalumba aliyatazama, akamtazama wifi yake, akalala juu yake akampa mgongo, akajifunika kanga mpaka kichwani. Punde pumzi ikawa nzito.

Ezelina akafunga mlango ili watu wasiingie na maswali. Akatandika katoni moja kwake, mbali kidogo, asije akamgusa. Mwanga wa mchana uliingia kwa matundu ya bati, madoa madogo ya duara sakafuni na juu ya ile kanga. Akayahesabu bila kutaka. Tisa. Kumi na mawili. Mawili. Na moja. Akaanza upya. Ng'ambo ya barabara Zakayo alizima mashine. Mara ya mwisho, aliniambia, usingizi ulimchukua kabla hajafika ishirini na nne.